Mkia wa Mama

Nyumbani, 3 Februari

Kwako mwanangu, kitinda mimba wangu,

Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshaniamkia moyoni hata kama mkono haujaandika. Huku sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua ila mdomo haumsumbui, anabishana na redio kutwa. Dada yako amehamia jirani na duka la dawa, na mtoto wake ameota meno ya juu, anang'ata kila kinachopita mbele yake. Mimi ni yule yule, sindano mkononi, miwani puani.

Nakuandikia barua kwa sababu simu unanikatia. Usikatae. Kila nikianza kunoga unasema mtandao mbaya. Barua huwezi kuikatia, labda uichane, na wewe huna roho hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dada yako amenionyesha picha. Mwanangu, ile ni pikipiki au ni mnyama? Nyekundu kama damu ya kidole, kiuno chembamba kama cha nyigu, taa mbili za mbele zimekunja sura utadhani zinamdai mtu. Nilimnyang'anya dada yako simu nikaenda nayo kazini. Unakijua chumba chetu cha kushonea pale hospitali: cherehani zimebanana, madirisha yako juu na hayafunguki, marundo ya shuka za wodini zinangoja viraka. Basi picha yako ilipita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga.

Mama Pacha, yule ambaye cherehani yake inatazamana na yangu, na ambaye mwanawe ana gari linalosukumwa kila asubuhi, alitazama weee, akasema, "Mbona hii ya kulala kifudifudi? Anaendesha au anaogelea?"

Nikamwambia, "Mwenzangu, za kukaa wima ni za kubebea magunia. Hii ni ya spoti."

Akauma uzi.

Kichwa changu tangu siku hiyo hakiingii mlangoni. Mkia wangu ana pikipiki ya spoti. Yule aliyeshika upindo wa gauni langu kila niendako, hata nikiingia chooni ananisubiri mlangoni, mpaka nikampa jina la Mkia na mtaa mzima ukalipokea, leo ndiye anatangulia mbele ya magari. Nieleze unavyojisikia ukiwa juu yake. Usinifiche hata kidogo, mimi ndiye niliyekuzaa.

Akupendaye,
Mama

*

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Nifikishie salamu kwa baba na dada.

Kazi za lifti zinaendelea. Sasa tuko kwenye jengo refu la ofisi, nashinda ndani ya shimo na tochi mdomoni. Wamenifanya mkubwa wa kikosi chetu. Wenzangu wananiita Fundi. Si jina la ajabu, lakini napenda wanavyolitamka.

Sikutaka kuandika habari za pikipiki. Ila umeuliza vizuri, na kusema kweli sina mtu mwingine wa kumwambia.

Naitoa Jumapili asubuhi, barabara ikiwa bado tupu. Nikizungusha ufunguo, mshale wa mwendo unapanda mpaka mwisho halafu unarudi, kama mtu anayepiga saluti. Injini inaanza kwa kukohoa kidogo. Ukiipa mafuta, sauti yake ni ile ya shuka jipya ukilipasua kwa mkono: unatia mkasi kidogo ukingoni, halafu unavuta, nalo linapasuka moja kwa moja bila kupinda. Najua hiyo unaijua.

Kwenye kona huzungushi usukani. Unaangalia unapotaka kwenda, unaegemea, nayo inafuata jicho lako. Lami inakuja karibu na goti. Mwanzoni nilikuwa naogopa, sasa naogopa na kufurahi kwa pamoja, siwezi kutenganisha. Upepo unakushika kifuani kama kiganja cha mtu anayekuzuia usianguke.

Siku ya kwanza nilipoingiza gia ya mwisho, nililia. Sijui kwa nini. Nililia ndani ya helmeti kama mtoto, kioo kikaingia ukungu, ikabidi nisimame kando ya barabara. Ndani ya helmeti hakuna anayekuona, mama. Mbele yangu hakuna mtu na nyuma hakuna anayeniita.

Haya ni yako peke yako. Tafadhali usimsomee mtu. Na lile jina, naomba tuliache. Huku hakuna anayelijua.

Mwanao

*

Nyumbani, 12 Machi

Kwako mwanangu mpenzi,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Huku salama. Goti la baba yako limepoa, sasa ni mgongo. Dada yako amemwachisha mtoto kunyonya na nyumba haina usingizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu nikiwa kitandani, mara ya tatu nikaona huu ni uchoyo. Umesema nisimsomee mtu. Lakini wale si watu, wale ni wenzangu. Nilisubiri saa ya chai, nikasimama katikati ya chumba, nikasoma kwa sauti ya redioni. Cherehani zote zikasimama. Pale pa kupasua shuka walitikisa vichwa, maana ni kweli tupu, hakuna aliyewahi kutusemea kazi yetu vile. Mwanangu una maneno, sijui uliyatoa wapi, baba yako hana.

Tulipofika pale ulipolia, chumba kilivunjika. Walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza nani kajichoma sindano. Mama Pacha alikuwa anajifuta macho kwa foronya ya wodini. "Mkia kalilia pikipiki," anasema, "angeendesha ndege ingekuwaje, angeomba titi?" Kicheko cha mapenzi tu, usinune. Akanambia kumbe kaka yake ndiye mtunza stoo hapo kwenye kampuni yenu, na kwamba lazima amsimulie. Nikamwambia msimulie, tena umwambie huyo ni wangu.

Sasa sikia. Mwisho wa mwezi wa tano ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Hapa kwetu mtu akistaafu anasindikizwa mpaka getini, na pale getini watu wote wanatazama amekuja kuchukuliwa na nani. Mpishi mkuu alichukuliwa na gari la mkwewe, mwezi mzima watu wanalizungumza. Yule wa kufua nguo hakujiwa na mtu, akaondoka na kapu lake, mpaka leo akitajwa watu wanaguna. Mimi miaka yote nimepita geti lile kwa miguu, asubuhi na jioni. Siku hiyo nataka nitoke mgongoni kwa pikipiki yako. Nikuombe nini kingine, mwanangu? Nimeshawaambia. Msimamizi mwenyewe amesema atatoka kuona.

Nimeanza kushona mto mdogo wa kukalia pale siti ya nyuma, nisije nikaumia. Kitambaa cheupe, maandishi ya uzi mwekundu: MKIA WA MAMA. Herufi ya K imenitoka vizuri hata mimi nimeshangaa.

Mama yako

*

Nyumbani, 20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kimekuwa kirefu. Kama ni kazi, basi kazi iendelee. Kama ni kalamu, nunua nyingine.

Sisi wazima. Mto umekwisha, umelala juu ya cherehani yangu na kila anayeingia anaubonyeza. Wenzangu wamechanga kwa ajili ya zawadi yangu ya kuagwa. Wakaniuliza nataka nini, blanketi au sufuria? Nikasema helmeti. Walidhani natania. Mama Pacha akasema, "Kwa shingo hiyo?" Nikamwambia shingo hii imebeba makubwa kuliko kofia.

Na suruali nimeshona. Nzito, ya rangi ya bluu, zipu ubavuni. Baba yako hajaiona, nimeificha chini ya godoro. Tangu nizaliwe sijavaa suruali, nilipoijaribu mbele ya kioo kwa nyuma niliona aibu, kwa mbele nikafurahi.

Watu wa jikoni watakuwepo, na wa kufua, na wauguzi wa zamu ya mchana. Usiniangushe, Mkia wangu. Nijibu hata neno moja.

Mama

*

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa na kazi.

Barua yako ya Machi ilifika Jumamosi. Jumatatu yake nilikwenda stoo kuchukua nyaya, mtunza stoo akaniuliza mbele ya watu, "Mkia, machozi yamekauka?" Sikuelewa kwanza. Niliporudi nje jioni nilikuta kitambaa kirefu kimefungwa nyuma ya pikipiki yangu, kimesukwa vizuri, na fundo mwishoni. Nilikikata. Kesho yake kilikuwepo kingine.

Kikosini hawaniiti Fundi tena. Nikitoa agizo, mmoja anauliza kwa sauti, "Mkia unasemaje?" na wengine wanajibu, "Mkia unatikisika." Wanafanya kazi, lakini wanafanya wakicheka.

Sina zaidi.

Kuhusu siku yako, nitakuja. Niandikie ni saa ngapi. Waambie wote wasimame getini, na huyo Mama Pacha asimame mbele.

Mwanao

*

Nyumbani, 16 Mei

Kwako mwanangu, macho yangu, kiburi changu,

Nimeruka. Na umri huu, nimeruka, bobini ya uzi ikaangukia chini ya kabati na sijaitoa mpaka leo. Anakuja, nikawaambia, anakuja, mwenye chuki ameze wembe.

Ni saa tisa alasiri, tarehe thelathini na moja. Mlinzi wa geti nimeshampanga, atasogeza ule mti wa kuzuia magari, upite bila kupunguza mwendo.

Hao wanaokutania kazini ni wivu tu. Wewe cheka nao. Mimi nikiitwa jina lenye mapenzi ndani yake hata liwe Chura naitika. Na sasa wanakujua kampuni nzima, kabla ya hapo walikuwa wanakujua wangapi?

Njoo ukiwa umeisafisha ing'ae. Mto uko tayari, mama yako yuko tayari.

Mama

*

Nyumbani, 4 Juni

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Ni mbali, na mvua ilinyesha usiku ule. Baba yako anakusalimu. Mtoto wa dada yako amesema neno lake la kwanza, lakini dada yako anadai ni kikohozi.

Nakuandikia yale ya siku ile. Najua ulikuwepo, lakini ulikaa muda mfupi na mengine hukuyaona.

Tulitoka chumbani saa nane na nusu. Nilibadilisha nguo stoo, kati ya marundo ya shuka. Nilipojitokeza na suruali walipiga vigelegele, hata msimamizi alitabasamu, na huyo akitabasamu ni kama mwezi umepasuka. Walinisindikiza mpaka getini. Wa jikoni walikuja na aproni zao, wauguzi walikuwa ngazini, na Mama Pacha nilimsimamisha mbele kabisa kama ulivyoagiza. Saa tisa ikapita. Mama Pacha akaanza kutazama saa yake kwa sauti, unamjua. Nikamwambia, "Tulia wewe, kitu kizuri hakikimbizwi."

Halafu ndipo tukaisikia, kabla hatujaiona. Shuka jipya likipasuliwa. Nilisema kwa nguvu, "Ndiyo hiyo," na mwili ukanisisimka mpaka kwenye nywele.

Ulivyoingia, mwanangu, sijawahi kuona. Ule mlalo pale kwenye kona ya duka la soda, ulivyosimama hapo hapo mbele yangu bila tairi kuteleza. Ukafunua kioo, ukawaamkia wakubwa wote kama nilivyokufundisha. Mama Pacha akasema, "Mkia, machozi yamekauka?" Ukamjibu kwa adabu, "Yamekauka, mama." Nikaona sasa tumemaliza, sasa ni mimi.

Nikavaa helmeti. Nikaibana kamba chini ya kidevu, ikalia ka. Nikachukua mto wangu, nikazunguka nyuma, nikanyanyua mguu.

Sikujua pa kuuweka. Nilipapasa. Pale palipokuwa na siti kwenye picha palikuwa na kitu kigumu chekundu, kimechongoka kama mgongo wa samaki, na vile vya kukanyagia miguu vimeng'olewa. Nikakuuliza pole pole, sikutaka wasikie, "Mwanangu, siti iko wapi?"

Wewe ukajibu kwa sauti ya kufika ngazini. "Hapo hapakaliwi, mama. Huo ni mkia. Mkia haubebi mtu, unafuata tu."

Kisha ukanitazama. Sijui ulikuwa unangoja nini. Walicheka, mwanangu. Ni kile kile kicheko cha siku ya barua yako, nilikitambua, ila siku ile nilikuwa ninacheka nao kwa hiyo sikuwa nimekisikia vizuri. Mama Pacha alishika mlingoti wa geti asianguke. Mmoja wa jikoni akauchukua mto mkononi mwangu akausoma kwa sauti, akaupitisha, nao ukapita mkono kwa mkono mpaka ukanirudia. Ukashusha kioo ukaondoka. Msimamizi akanambia, "Kijana wako mcheshi." Nikamwambia ndiyo, amerithi kwangu.

Walisifu pikipiki sana, nisiseme uongo. Mpaka jana ilikuwa inazungumzwa, mlinzi ameniambia.

Nilitaka kuvua helmeti, kamba ikakataa. Nilivuta, ikazidi kukaza. Mama Pacha akaja na vidole vyake anisaidie, nikamwambia niache, napenda nilivyo. Nikapita geti kwa miguu, mto kwapani, helmeti kichwani. Watoto wa mtaani walinifuata mpaka duka la dawa wakigonga juu yake kwa vijiti.

Ulisema kweli, mwanangu. Ndani ya helmeti hakuna anayekuona. Kioo kiliingia ukungu, ikabidi nisimame kando.

Baba yako alijaribu kuikata kamba kwa mkasi wangu wa shuka, haikukatika. Nililala nayo nimekaa kwenye kiti mpaka asubuhi dada yako alipokuja akahangaika nayo ikaachia, hata yeye hajui aliifanyaje. Sikukasirika. Wewe ni mtani, nami ni mtani.

Ila nyumba ni kimya. Kule nilikuwa nikifungua mdomo watu wako hapo hapo, hawana pa kwenda, wamefungwa na cherehani zao. Hapa nikianza hadithi baba yako anaongeza sauti ya redio. Niandikie kidogo. Mistari miwili inanitosha, nitaisoma polepole.

Mama yako

*

28 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na pikipiki nzima.

Kamba ya helmeti haivutwi. Kuna kitufe chekundu chini ya kidevu, ukikibonyeza inaachia yenyewe.

Siti ya nyuma haikupotea. Nimeiweka chini ya kitanda, ndani ya gazeti. Kuirudisha ni boliti mbili, kazi ya kunywa chai. Sijairudisha.

Barua hii unaweza kuwasomea.

Mwanao,
Mkia